Kazini na Haki: Tawi la Chama Linaanzaje? Hesabu Kwanza, Kelele Baadaye

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu chama cha wafanyakazi mahali pa kazi: faida yake, namna ya kukiingiza na balaa linaloweza kufuata. Tumechagua saba, tukazifupisha na kuondoa majina ya watu na ya kampuni. Majibu yanafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na Sheria ya Taasisi za Kazi, zote za mwaka 2004, pamoja na kanuni zake. Sheria ya kwanza haiwagusi askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza wala Jeshi la Kujenga Taifa.

Tupo 64 hotelini. Bunge likikaa, tunafanya kazi kupita kiasi bila malipo ya ziada. Tunataka kuanzisha chama chetu. Tuanzie wapi, na tukifukuzwa je?
*Wafanyakazi wa hoteli, Area D, Dodoma*

Msianzishe chama kipya. Sheria inawaruhusu: wafanyakazi wasiopungua 20 wakikutana, wakaandika muhtasari na orodha ya mahudhurio, wakapitisha katiba, wana miezi sita ya kuomba usajili kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri. Lakini chama kipya kinahitaji ofisi, mtunza hesabu, ukaguzi wa kila mwaka na mtu anayezijua korido za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Watu 64 wa hoteli moja hawatabeba mzigo huo. Chama cha sekta yenu kipo tayari, nacho ni CHODAWU, na chama kilichosajiliwa kikishapata wanachama 10 sehemu moja ya kazi kina haki ya kufungua tawi hapo. Kumi tu.

Kinachobaki ni mpangilio, na hapo ndipo wengi huharibu. Kosa la kila siku ni barua ya malalamiko yenye sahihi za watu wote, inayofikishwa kwa meneja kabla hata ofisi ya chama haijajua kuwa mpo. Kesho yake meneja anaita mmoja mmoja, anafunga mlango, anauliza “na wewe umo?” Kufikia jioni nusu ya sahihi zimekanushwa, na aliyeandika barua anajulikana. Karatasi hiyo haina kinga yoyote ya chama kwa sababu hakuna aliyekuwa mwanachama siku inaandikwa.

Anzeni na hesabu. Kwenye 64 toeni walio katika menejimenti ya juu, yaani wanaotunga sera kwa niaba ya mwajiri na wenye mamlaka ya kusaini kwa niaba yake mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Hotelini kwenu labda ni wawili. Wamebaki 62, na zaidi ya nusu yao ni 32. Hiyo 32 ndiyo itakayokipa chama haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi kwenye majadiliano. Ushauri wetu ni kwamba msiibuke na 32 kamili. Fikeni 40 kwanza. Wapo watakaotishwa wakajitoa, wapo ambao mikataba yao ya miezi mitatu itakwisha katikati ya safari, na mwajiri mjanja anaweza kuajiri watu wapya 10 ndani ya mwezi ili asilimia zenu zishuke.

Kisha angalieni hao 40 wanatoka wapi. Gaweni hoteli kwa idara: jikoni, mapokezi, vyumba, dobi, wahudumu wa chakula, bustani. Kila idara iwe na mtu mmoja anayeaminiwa na wenzake, ambaye si lazima awe ndiye mwenye maneno mengi. Wote wakitoka jikoni, meneja atasema ni ugomvi wa mpishi mkuu na vijana wake, na idara nyingine zitakubaliana naye. Zungumzeni ana kwa ana, mmoja na mmoja, nje ya saa za kazi. Kundi la WhatsApp lisubiri. Picha ya skrini moja inatosha kumfikishia bosi orodha nzima.

Wenzenu waambieni nini? Msiwaambie habari za mshikamano. Waonyesheni hesabu. Saa za kawaida kisheria ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Tuseme mshahara ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha kwa 45 upate wa saa: ni kama 1,539. Saa ya ziada basi ni 2,308. Mtu aliyeongeza saa 3 kila siku kwa siku 15 za kikao cha bajeti ana saa 45 za ziada, karibu shilingi 104,000 ambazo hakulipwa. Na anayeunganishiwa zamu mbili hadi saa 16, hilo ni kosa hata kama analipwa, kwa sababu sheria hairuhusu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Kila mmoja awe na kijidaftari chake: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alimpanga. Siku ya usuluhishi, kijidaftari kilichoandikwa siku kwa siku kina uzito kuliko kumbukumbu za watu 20 zinazopishana.

Mkishafika idadi, kila mtu ajaze fomu ya kuidhinisha makato ya ada, inayofahamika kama TUF 6. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye salari slipu, namba ya mfanyakazi isisahaulike, na sahihi ifanane na ile ya mkataba. Fomu nyingi hurudishwa kwa upuuzi wa jina moja kuandikwa namna mbili. Zikae kwa ofisa wa chama, zisikae kwenye kabati lenu la nguo hotelini. Yeye ndiye atakayezipeleka zote kwa siku moja, na aondoke na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Tarehe hiyo ndiyo itakayohesabiwa mbele ya safari.

Baada ya hapo chama kinamwandikia mwajiri taarifa kwa fomu maalumu kwamba kinataka haki zake mahali pa kazi: kuingia kuandikisha wanachama, kufanya mikutano, kukatiwa ada na kuwa na wawakilishi. Mwajiri ana siku 30 za kukutana na chama na kufikia makubaliano. Akipiga kalenda, suala linakwenda Tume kwa usuluhishi, na likishindikana linakwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Anaweza kuweka masharti ya saa na mahali pa kukutania ili wageni wasikose chai, lakini hawezi kusema “hapa kwangu hakuna chama”.

Wawakilishi huchaguliwa na wanachama wenyewe. Wanachama 1 hadi 9 wana mwakilishi mmoja, 10 hadi 20 wana watatu, 21 hadi 100 wana kumi, na wakizidi 100 wana kumi na watano, ambapo wasiopungua watano wawe wa kuwawakilisha wanawake walio wanachama. Kwa 40 wenu ni kumi. Jazeni nafasi zote, kwa sababu tawi lenye mwenyekiti mmoja shujaa huisha siku anapopandishwa cheo au kuhamishiwa Arusha.

Haki ya kutambuliwa huombwa kwa taarifa nyingine, nayo ina siku zake 30. Ikipatikana, mwajiri analazimika kujadiliana kwa nia njema na kutoa taarifa zinazohitajika kwenye majadiliano. Mkifika mwisho mnasaini mkataba wa hali bora, na nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Chama kikiwa msemaji pekee, mkataba huo unawafunga hata wasio wanachama.

Kuhusu kufukuzwa: kuwa mwanachama, au kushiriki shughuli halali za chama, si sababu halali ya kuachishwa kazi. Ila hakuna meneja atakayeandika “umefukuzwa kwa sababu ya chama”. Barua itasema umechelewa mara tatu, umevunja sahani, umemjibu mgeni vibaya. Kwa hiyo miezi hiyo kaeni mguu sawa, fikeni kabla ya saa. Ukipewa barua ya kujieleza, jibu kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukiitwa kikao cha nidhamu una haki ya kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na kwenda na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Ukiachishwa, una siku 30 za kufungua shauri Tume kwa fomu CMA F.1 (CMA ni kifupi cha Kiingereza cha Tume hiyo), na hakuna ada ya kulipa. Siku ya 31 utaanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa, na maombi hayo hayakubaliwi kirahisi.

Tahadhari moja kubwa: mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali. Bado ni marufuku kumbagua kwa ajili ya chama, lakini kuthibitisha ubaguzi ni kibarua kigumu. Ajiunge, ajaze fomu, ila msimtume mbele. Kumsukuma kijana wa miezi miwili akasome madai mbele ya meneja ni kumtoa kafara.

Mimi ni mlinzi. Tunaingia saa 12 jioni, tunatoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Kila mtu na lindo lake, hatuonani. Tutakusanyikaje?
*Mlinzi wa usiku, Singida mjini*

Mnaonana, ila hamjapatumia mnapoonania: kwenye gari linalowasambaza malindoni, ghalani mnapochukua na kurudisha silaha na makoti, na siku ya mshahara. Dereva wa gari la zamu anajua kila lindo na nani yuko wapi, kwa hiyo akiwa upande wenu orodha inakamilika haraka, na akiwa upande wa ofisi mmekwisha. Mpimeni kabla hamjamwambia lolote.

Hesabu yenu ni nzito kuliko mnavyodhani. Saa 12 kwa siku sita ni 72 kwa wiki. Toa 45, zinabaki 27 za ziada, na kwa wiki nne ni 108. Sheria inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 kwa wiki nne. Kampuni nyingi hujitetea kwa makubaliano ya maandishi ya kubana wiki, yanayoruhusu siku ya saa 12 bila malipo ya ziada. Kweli yapo, lakini hayaruhusu zaidi ya siku tano kwa wiki wala zaidi ya saa 45 za kawaida. Siku sita haziingii humo kwa namna yoyote.

Watajaribu pia kupunguza saa moja ya mapumziko. Mapumziko ya dakika 60 kweli hayalipwi, isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa kuendelea kuwa kazini au tayari kwa kazi. Mlinzi anayekula ugali wake huku akitazama geti yuko kazini. Na kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 300,000 ni kama shilingi 77 kwa saa, 770 kwa usiku, na kwa usiku 26 inakaribia 20,000. Angalia kama mstari huo upo kwenye slipu yako.

Chama cha wafanyakazi wa ulinzi binafsi kipo, kinaitwa TUPSE. Hatua ni zilezile za jibu la kwanza, isipokuwa idadi ihesabiwe kwa kampuni yenu, wala si kwa kila duka au benki mnayolinda.

Mimi ni supavaiza wa zamu kiwanda cha mafuta ya alizeti. Meneja anasema sisi ni menejimenti, haturuhusiwi kujiunga.
*Msomaji, Singida*

Jiulize maswali mawili. Unatunga sera za kampuni? Una mamlaka ya kusaini mkataba wa hali bora kwa niaba ya mwajiri? Lazima yote mawili yawe ndiyo ndipo uhesabiwe menejimenti ya juu. Kupanga zamu, kuandika ripoti ya tani na kuwa na ufunguo wa stoo hakukufanyi bosi. Jiunge na TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, pamoja na wengine. Hata aliye menejimenti ya juu kweli hakunyimwa haki ya chama. Anazuiwa tu kuwa kwenye chama kinachowawakilisha walio chini yake kwa mwajiri huyohuyo.

Tunafanya usafi kwenye ofisi za Mji wa Serikali, Mtumba, chini ya mzabuni. Kila zabuni ikiisha anakuja mwingine, sisi tunabaki walewale. Chama kitatusaidia nini?
*Mama wa usafi, Ihumwa*

Mama, hali yenu ni ngumu kuliko ya hoteli, na atakayekuambia vinginevyo hajawahi kusoma mkataba wa zabuni. Mwajiri wenu ni mzabuni. Wizara ni mteja wake. Fomu, taarifa na madai yote yanamhusu yeye, na mzabuni akiondoka, makato aliyoidhinishiwa yanaondoka naye. Uanachama wenu unabaki, lakini TUF 6 lazima zijazwe upya kwa mwajiri mpya na hesabu ya walio wengi inaanza upya.

Kwa hiyo tawi la wasafishaji hufanya kazi kwa kufuata kalenda ya zabuni. Mjue mkataba wa sasa unakwisha lini. Miezi mitatu kabla, kila mmoja awe na nakala ya mkataba wake wa kazi, slipu zake, taarifa ya michango yake NSSF na siku za likizo anazodai. Mwenye mkataba wa maandishi unaotaja tarehe ya kuanza ana pa kusimama, na aliyeingizwa kwa mdomo atabishaniwa hata siku aliyoanza. Mzabuni anayefunga virago ni mgumu kupatikana. Dai lililoandikwa akiwa bado anadai malipo yake wizarani ndilo linalosikilizwa, maana hataki kelele getini wiki ya kulipwa.

Mzabuni mpya akija na watu walewale, siku ya kusaini mikataba ndiyo siku ya kujaza fomu mpya. Mkingoja hadi mwezi wa tatu wa zabuni mpya, wageni watakuwa wameingia na hamjuani. TUICO na CHODAWU vyote viwili vina nafasi kwenye kazi za huduma. Chagueni kile ambacho ofisa wake wa Dodoma anapokea simu na anafika Mtumba. Msigawanyike nusu huku nusu kule, maana hakuna kitakachopata walio wengi. Vyama viwili vinaweza kuungana kuomba kutambuliwa kwa pamoja, lakini kwa kundi la watu 30 ni kujisumbua bure.

Tunapakia na kupakua mahindi soko la Kibaigwa. Tajiri anatuita deiwaka, anasema deiwaka hana chama. Wengine tuko kwake mwaka wa tatu.
*Kuli, Kibaigwa, Kongwa*

Sheria ya Taasisi za Kazi haijali tajiri anawaitaje. Inatazama mambo kadhaa, na likithibitika hata moja mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka tajiri athibitishe vinginevyo: unapangiwa namna ya kufanya kazi au saa zako, unamtegemea yeye kwa kipato, unatumia vifaa vyake, unamfanyia kazi yeye peke yake, au umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni kama siku tano kamili. Kuli wa kudumu ghalani kwa mtu mmoja anazipita msimu wa mavuno kabla wiki haijaisha.

Kugumu ni kuthibitisha. Daftari la magunia analo tajiri. Basi piga picha ukurasa wenye jina lako kila siku ya malipo, au omba ulipwe kwa simu ili ujumbe ubaki. Malipo ya mkononi hayaachi alama.

Ila anayepakia leo kwa huyu, kesho kwa yule, kwa bei ya gunia anayopatana mwenyewe, si mwajiriwa wa yeyote kati yao na tawi la chama halitamfaa. Hao wafikirie kikundi au ushirika wa kupatana bei na matajiri kwa pamoja. Msichanganye makundi mawili kwenye orodha moja. Tajiri akionyesha majina matano ya watu wasio wake, orodha nzima inatiliwa shaka.

Tunakatwa ada kila mwezi lakini kiongozi wa chama hatumwoni mpaka Mei Mosi anapoleta fulana. Nikijitoa nitaacha kukatwa?
*Mtumishi wa halmashauri, Manyoni*

Huenda ndiyo, huenda hapana. Unaweza kuondoa idhini yako ya makato kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Peleka zote mbili na ugongewe muhuri. Lakini kama chama chenu ndicho msemaji pekee na kina makubaliano ya ada ya uwakala na mwajiri, hata asiye mwanachama anakatwa, kwa hoja kwamba anakula matunda ya mkataba uleule. Ada hiyo hairuhusiwi kuzidi ya mwanachama, lazima iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, na itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo tu. Makubaliano hayo hayawezi kumlazimisha mtu kuwa mwanachama. Omba nakala yake. Kama hakuna karatasi, makato ya asiye mwanachama hayana msingi.

Kabla hujaondoka, fikiria kama aliyelala ni chama au tawi. Mara nyingi ni tawi: uchaguzi umepitwa na wakati, nafasi za wawakilishi ziko wazi, hakuna aliyeitisha kikao. Soma katiba ya chama, tafuta kifungu cha idadi ya wanachama wanaoweza kudai mkutano, kusanyeni sahihi hizo, dai mkutano kwa maandishi na ajenda mbili tu: uchaguzi na hesabu. Chama kinalazimika kuwa na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na mwanachama ana haki ya kuziona. Kiongozi anayeleta fulana bila hesabu huwa mwepesi ghafla akiona barua hiyo imenakiliwa kwa Msajili.

Wasomaji wawili wa Mpwapwa wameuliza ada ni kiasi gani. Hupangwa na katiba ya kila chama. Ikiwa ni asilimia 2, mwenye mshahara wa 300,000 hukatwa 6,000. Mwajiri lazima aiwasilishe kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Akichelewa bila sababu ya msingi anadaiwa asilimia 5 ya deni kwa kila siku. Kwa wanachama 40 wa 6,000 deni ni 240,000, basi kila siku inaongeza 12,000. Wawakilishi wanaofuatilia tarehe 7 ya kila mwezi huligundua tatizo mapema. Wengine hulijua pale ofisa wa chama anapokataa kuja Tume kwa sababu kwenye vitabu vyake tawi halijachangia mwaka mzima.

Hatujalipwa miezi miwili kwenye mradi wa ujenzi. Vijana wanataka tugome kesho asubuhi, tufunge geti mhandisi asiingie. Tufanye?
*Fundi nondo, Dodoma*

Hapana, na sababu zipo tatu.

Kwanza, mshahara usiolipwa ni deni. Ni madai ya haki ambayo tayari mnayo kwenye mkataba na kwenye sheria, na mgomo halali hauruhusiwi kwa jambo la namna hiyo. Mgomo ni wa migogoro ya maslahi, yaani mnachotaka kiongezwe: nyongeza ya mshahara, posho mpya, usafiri. Deni la mshahara hufunguliwa Tume ndani ya siku 60 tangu lilipozuka, kwa fomu ileile ya CMA F.1. Mshahara wa mwezi wa kwanza una saa yake inayokimbia, na wa pili una yake. Msisubiri ufike wa tatu. Ofisa Kazi naye ana mamlaka ya kuingia eneo la mradi na kukagua daftari la mishahara, kwa hiyo mpelekeeni nakala siku hiyohiyo.

Pili, hata kwa mgogoro wa maslahi, njia ya mgomo ni ndefu kwa makusudi. Mgogoro unapelekwa Tume, usuluhishi una siku 30, ukishindikana chama kinapigisha kura kwa mujibu wa katiba yake, na wengi wa waliopiga kura wakikubali, mwajiri anapewa taarifa ya saa 48. Mkipita njia hiyo mgomo unalindwa: huachishwi kazi kwa sababu ya kugoma, na mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa kujaza nafasi zenu. Mshahara wa siku za mgomo hamtalipwa. Mkiruka hatua moja, ni utoro wa watu wengi kwa siku moja, na barua za kufukuzwa zitaandikwa hivyo. Walio kwenye maji na usafi wa mazingira, umeme, hospitali na maabara zake, zimamoto na uongozaji wa ndege wana vizuizi vya ziada kwa sababu huduma zao zimeitwa muhimu.

Tatu, geti. Kumzuia mwajiri asiingie au kumfungia ndani kumekatazwa hata kwenye mgomo uliofuata kila hatua. Kukusanyika langoni kushawishi wengine wasiingie nako kumekatazwa. Mkifunga geti, kesi ya mishahara ya miezi miwili itageuka kesi ya polisi, na mhandisi atakuwa mlalamikaji.

Kesho asubuhi ingieni kazini kama kawaida. Wateueni watu wawili waende TAMICO, chama cha migodi, nishati na ujenzi, wakiwa na orodha ya majina, tarehe ya kila mmoja kuanza kazi, kiwango chake cha siku na siku ambazo hakulipwa. Mkiwa zaidi ya mmoja wenye dai lilelile, fomu moja inaweza kubeba wote, mradi orodha iwe na sahihi ya kila mdai na barua ya kumteua atakayewasemea. Fundi nondo wenzenu waliokwisha kuhamia mradi mwingine nao waingizwe kwenye orodha hiyo kabla siku zao 60 hazijakwisha.